Kanuni na mpangilio wa mbio za vigari vya mfereji vya mtindo wa zamani: jibu kwa msomaji wa Sakina, Arusha

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili hapa Sakina, Arusha. Tumejenga uwanja wa njia nne kwa mbao za MDF, nasi tunakimbiza vigari vya umeme vya mfereji, yaani vile vinavyofuata mfereji uliochongwa kwenye kila njia huku dereva akidhibiti kasi kwa kidhibiti cha mkono. Vyetu ni vya skeli ya 1/32, yaani gari halisi limepunguzwa mara 32. Tunataka mashindano yetu yawe ya magari ya zamani tu, lakini shindano la kwanza liliishia kwenye ugomvi. Mwenzetu mmoja aliagiza mota kali kutoka nje akatuacha wote mbali, na mwingine akadai kwamba alipangiwa njia mbaya. Sasa wenzetu wa Moshi wanataka kuja kushindana nasi. Je, tuandike kanuni zipi, na siku yenyewe tuipangeje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Malalamiko hayo mawili yamekuja kwa wakati mzuri, kwa sababu yanagusa mambo mawili ambayo kila chama cha mbio hizi hulazimika kuyamaliza kabla ya jambo lingine lolote: ni gari gani linaruhusiwa kuingia uwanjani, na kila dereva anapataje nafasi sawa na mwenzake. Nitayajibu kwa kirefu. Kabla ya hapo naomba mkubaliane juu ya msingi mmoja ambao mengine yote yatasimama juu yake. Msiandike kanuni yoyote ambayo hamwezi kuipima mezani, mbele ya kila mshindani, kwa kifaa mlicho nacho. Kanuni inayosema kwamba mota isiwe na nguvu kupita kiasi haimzuii mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayejua kiasi hicho kinaishia wapi. Matokeo yake ni kwamba mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua.

Inafaa mjue kwa nini mbio za mtindo wa zamani zilianzishwa, maana sababu hiyo ndiyo itakayowaongoza kila mtakapobishana juu ya kifungu kimoja cha kanuni. Mchezo huu ulienea majumbani baada ya mwaka 1957, Mwingereza Fred Francis alipoonyesha vigari vya Scalextric vyenye mota ya umeme kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Katikati ya miaka ya 1960 ulilipuka Marekani, ambako kulikuwa na kumbi za biashara zenye viwanja vikubwa vya njia nane, na vijana walilipia muda wa kukimbiza vigari vyao humo. Miaka michache baadaye kumbi nyingi zilifungwa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo inawahusu ninyi moja kwa moja: mbio za kutafuta kasi zilikwenda mbali mno. Waya za mota zilisukwa upya, sumaku zikabadilishwa, bodi zikabanwa hadi zikapoteza sura ya gari, na kijana aliyeingia na kigari chake cha dukani akakuta hana la kufanya isipokuwa kuwapisha wengine. Waliokuja kufufua mbio za zamani walikusudia kurudi mahali kabla ya hapo, pale gari lilipokuwa bado linafanana na gari na mikono ya dereva ikiwa na uzito kuliko mfuko wake. Mwenzenu aliyeagiza mota kali hakutenda kosa, kwa kuwa hapakuwa na kanuni iliyomzuia. Alichofanya ni kurudia historia hiyo katika chumba kimoja hapo Sakina.

Huko Marekani mbio za mtindo wa zamani huendeshwa zaidi kwa skeli ya 1/24. Mshindani hujitengenezea chasi kwa kuunga waya wa chuma cha springi na vipande vya shaba ya njano kwa risasi, kisha huifunika kwa bodi nyepesi ya plastiki angavu iliyopashwa moto na kufyonzwa juu ya kalibu, ambayo hupakwa rangi kwa ndani. Madaraja yanayopendwa ni yale ya magari ya Can-Am, mashindano yaliyofanyika Marekani na Kanada kuanzia 1966 hadi 1974, ambamo McLaren M8 na Porsche 917 zilitamba, na yale ya magari ya Formula 1 ya kabla ya mabawa. Msilazimike kuyaiga hayo yote. Uwanja wenu ni wa skeli ya 1/32, na kwa maoni yangu daraja litakalowafaa zaidi liko karibu nanyi kuliko Can-Am.

Namaanisha magari ya Safari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoshinda ni ya aina ambayo wazee wengi wa Arusha na Moshi waliyaona kwa macho yao. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Hannu Mikkola alishinda mwaka 1972 kwa Ford Escort RS1600. Shekhar Mehta akashinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Naye Singh alirudi na Mitsubishi Colt Lancer akashinda mwaka 1974 na 1976. Andikeni kwamba daraja lenu kuu ni la magari yaliyoshiriki Safari kati ya 1953 na 1976, na kwamba anayeleta gari lazima aje na picha moja ya gari halisi la mwaka huo, yenye kuonyesha rangi na namba. Picha ndiyo kipimo cha sura. Mkaguzi anaiweka kando ya kigari na kila mtu anaona mwenyewe kama vinafanana. Kigari kiwe na dereva na msaidizi wake ndani, hata kama ni vichwa na mabega tu, kwa kuwa gari la Safari lisilo na watu ndani linapoteza nusu ya uzuri wake. Daraja la pili mnaweza kulianzisha baadaye. Kikundi cha watu kumi na wawili kikigawanywa katika madaraja matatu kinabaki na mbio tatu za watu wanne, na hizo hazina msisimko.

Kuhusu vipimo vya bodi na chasi, gawanyeni vipimo vya gari halisi kwa 32. Escort ya kwanza ilikuwa na umbali wa milimita 2,400 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo kigari chake kiwe na milimita 75. Datsun 240Z ilikuwa na milimita 2,305, yaani 72 kwenye kigari. Ruhusuni tofauti ya milimita 2 zaidi au pungufu, kwa sababu chasi za kununua hazilingani kikamilifu na si vyema kumfukuza mtu kwa unywele. Upana wa matairi usipimwe kwa namba. Tazameni kigari kutoka juu kabisa, na tairi lolote linalojitokeza nje ya bodi limevunja kanuni. Kipimo hicho hakihitaji kifaa na hakibishaniwi.

Kimo cha chasi kutoka uwanjani kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndipo watu hujipatia faida kimyakimya. Chasi inayokaribia kugusa uwanja inashusha uzito wa gari chini, nalo linapita kona kwa kasi ambayo gari la jirani haliwezi. Napendekeza milimita 1.5, nanyi mnaweza kujitengenezea geji bila gharama: kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi mbili za zamani zilizobandikwa pamoja kwa gundi nyembamba zinawapa karibu kabisa kipimo hicho. Tafuteni kipande cha kioo kinene kilichonyooka, mkiweke kwenye ubao wenye upana unaolingana nacho, na kiishe sentimita chache kabla ya mwisho wa ubao ili ule ulimi wa mbele unaoingia mferejini uning'inie nje ya ukingo wa kioo. Bila kufanya hivyo ulimi utanyanyua pua ya gari na kipimo chenu hakitakuwa na maana. Kigari kikikaa juu ya kioo kwa matairi yake, mkaguzi anapitisha kadi chini yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikikwama au ikinyanyua tairi, gari halijapita. Gia kubwa ya nyuma nayo ihesabiwe, kwa sababu wapo wanaosahau kwamba ndiyo hushuka chini kuliko chasi. Kioo na kadi vikae mezani tangu asubuhi, ili kila mtu ajipimie mwenyewe kabla ya ukaguzi. Ugomvi mwingi huisha hapo.

Uzito wekeni wa chini, msiweke wa juu, na upimwe kwa mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu. Namba yenyewe iamueni baada ya kupima vigari vyote mlivyo navyo sasa: chukueni uzito wa kile kilicho chepesi kuliko vyote, mzidishe gramu chache juu yake. Mwenye gari jepesi ataongeza kipande cha risasi chini ya chasi, na gramu zilizoongezwa chini hazimwumizi.

Sasa nije kwenye mota, ambayo ndiyo ilizua kisa chenu. Njia ya kuandika orodha ya mota zinazoruhusiwa naijua na siipendekezi kwa kikundi kidogo, kwa sababu hata mota za jina moja na namba moja hutofautiana zinapotoka kiwandani, na mwenye uwezo atanunua kumi ili achague moja. Chama ndicho kinunue mota. Nunueni kwa mkupuo mmoja, za aina moja iliyofungwa, za bei ya chini, na idadi iwe kubwa kuliko ya washindani. Kwa watu kumi na wawili nunueni kumi na sita. Kila mota izungushwe kwa dakika chache katika volti ndogo ili brashi zake zikae sawa, kisha ifungwe kwenye gari moja la majaribio, dereva mmoja alizungushe mizunguko kumi kwenye njia ileile, na muda uandikwe. Ziondoeni mbili zilizo kali kuliko zote na mbili zilizo dhaifu kuliko zote. Zile kumi na mbili zilizobaki zitakaribiana kiasi kwamba tofauti yake itamezwa na kona moja iliyochukuliwa vibaya.

Kisha zifungwe kwa alama. Rangi ya kucha ya duka lolote la vipodozi inatosha: tone moja kwenye kila kikunjo cha bati kinachoshikilia kifuniko cha nyuma cha mota, na namba ikwaruzwe ubavuni kwa sindano. Anayefungua mota atalivunja tone hilo, na kulirudishia bila kuacha dalili ni vigumu, hasa mkichanganya rangi mbili ambazo mchanganyaji peke yake ndiye anayejua kiasi chake. Asubuhi ya mashindano mota zigawiwe kwa kura mbele ya wote, na jioni zirudishwe kwenye boksi la chama. Mwenzenu mwenye mota kali msimfukuze wala msimnyanyapae, kwani mtu anayejali kasi kiasi hicho mara nyingi ndiye anayeijua mota vizuri kuliko wenzake. Mpeni yeye kazi ya kusimamia majaribio ya mota, akishirikiana na mtu mmoja asiyeshindana.

Gia ziwe za uwiano mmoja kwa wote. Meno 9 kwa 27, yaani 3 kwa 1, ni uwiano wa kawaida kwa skeli yenu na unafaa kwa uwanja mfupi wenye kona nyingi. Sumaku za kuvutia gari kwenye uwanja, zile zinazokuja na vigari vingi vya kisasa, ziondolewe zote bila kubakiza. Magari ya miaka ya 1960 hayakuwa nazo, na raha ya mbio hizi iko katika kuliona gari likiteleza mkia kwenye kona nawe ukilishikilia kwa kidole kimoja. Matairi yawe ya mpira wa aina moja, yasafishwe kwa kitambaa na mkanda wa gundi peke yake, wala pasiwepo dawa yoyote ya kunatisha. Dawa ya mmoja inabaki uwanjani na kuwaharibia wengine, na nyingi kati yake hushika moto kwa urahisi, ilhali visuko vya shaba chini ya kigari, vile vinavyochukua umeme kutoka uwanjani, hutoa cheche muda wote.

Umeme ni jambo ambalo vitabu vya kanuni vya nje hulipita haraka, lakini sisi hatuwezi kulipita. Endesheni uwanja kwa betri ya volti 12, ya gari au ya sola, si kwa adapta ndogo za dukani ambazo hulegea magari mawili yanapoondoka pamoja. Njia zote nne zichukue umeme kutoka betri hiyo moja, kila moja ikiwa na fyuzi yake. Angalieni jambo hili: betri iliyojaa na isiyochajiwa husimama karibu na volti 12.6, na ikiwa chaja imeunganishwa hupanda hadi karibu 13.8. Umeme wa TANESCO ukikatika katikati ya mashindano, waliokwisha kukimbia walikuwa na volti moja zaidi ya watakaofuata, na tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye muda wa mzunguko. Kwa hiyo amueni tangu mwanzo kukimbia bila chaja siku nzima, mkiwa na betri ya pili iliyojaa, na volti ipimwe kwa multimita kabla ya kila kipindi. Ikishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, betri ibadilishwe baada ya kipindi kuisha, kamwe isiwe katikati.

Vidhibiti vya mkono kila mtu aje na chake, ili mradi kisiwe na chanzo chake cha umeme ndani. Mpangilio wa waya uwe ule uliozoeleka, ili mgeni wa Moshi aunganishe bila kuuliza: nyeupe kwenye umeme wa betri, nyeusi kwenye njia, nyekundu kwenye breki. Waya huo wa breki msiuache kwa kuona kwamba gari linakwenda hata bila huo. Kidole kinapoachia, ndio unaofunga mzunguko wa mota ili mota igeuke kuwa jenereta na kulizuia gari. Njia isiyo nao inamnyima dereva breki, na huenda hapo ndipo lilipoanzia lile lalamiko la njia mbaya.

Kuhusu njia mbaya, kwanza ipimeni kabla ya kuibishania. Gari moja na dereva mmoja wazunguke mizunguko kumi kwenye kila njia. Ikiwa njia moja iko nyuma kwa kiasi kikubwa, pimeni volti mahali palipo mbali zaidi na betri wakati gari linapita. Ikishuka hapo, ongezeni waya wa kupeleka umeme sehemu mbili au tatu zaidi za uwanja. Angalieni pia kingo za mfereji. MDF ikinywa unyevu wa masika huvimba na kuubana ulimi, kwa hiyo kingo na upande wa chini vipakwe rangi au vanishi kabla ya mwezi Machi. Vumbi la Arusha nalo lina sehemu yake, na kitambaa chenye unyevu kidogo kipitishwe uwanja mzima kabla ya mbio na wakati wa mapumziko.

Hata mkifanya hayo yote, njia nne hazitalingana kabisa, kwa kuwa ya ndani ina kona kali na ya nje ni ndefu. Dawa yake ni kwamba kila dereva akimbie kwenye njia zote nne kwa muda uleule, na matokeo yawe jumla ya mizunguko yake yote. Hapa ndipo mpangilio unapohitaji akili, nami nitaueleza kwa watu wenu kumi na wawili. Kuna vipindi kumi na viwili, kila kimoja cha dakika 3. Katika kila kipindi madereva wanne wako uwanjani, na kipindi kinapoisha kila mmoja anahama kwa utaratibu wa njia ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2, halafu anatoka. Utaratibu huu wa kupanda kwa njia za namba witiri na kushuka kwa za shufwa unamhamisha dereva hatua ndogo na unazuia mtu kuruka kutoka ukingo mmoja wa uwanja hadi mwingine. Kila kipindi mtu mmoja anaingia kwenye njia ya 1 na mmoja anatoka kwenye njia ya 2.

Namba hupatikana kwa kura. Kipindi cha kwanza namba 1 yuko njia ya 1, namba 12 yuko njia ya 3, namba 11 yuko njia ya 4, na namba 10 yuko njia ya 2. Hao watatu wa mwisho wanaanzia katikati ya zamu yao na watarudi mwishoni kumalizia njia zilizobaki. Mkiweka dakika moja na nusu ya kubadilishana, raundi nzima inachukua dakika 54, na ndani ya saa moja kila mtu amekimbia njia zote dhidi ya wapinzani tofauti. Bandikeni jedwali lake ukutani kabla ya kuanza. Mshindani asiwe na haja ya kumwuliza mtu zamu yake iko lini.

Faida nyingine ya utaratibu huu ni kwamba katika kila kipindi watu wanane wamepumzika, na kati yao mnapata waokotaji wa magari yaliyotoka mferejini. Andikeni kwa maneno mazito kwamba kuokota ni sehemu ya mashindano. Aliyetoka kwenye njia ya 2 anakwenda moja kwa moja kusimama kwenye kona iliyopangwa, naye atabaki hapo kwa vipindi vinne. Asiyeonekana kwenye kona yake anakatwa mizunguko mitano. Nimeona mashindano mazuri yakiharibika kwa sababu mwokotaji alikuwa anasoma simu, na dereva aliyeongoza akapoteza sekunde kumi akiwa hana wa kumlaumu kwa sauti. Mwokotaji arudishe gari lililo karibu naye kwanza, bila kuchagua la rafiki wala kuhukumu nani alimgonga nani. Akigundua kwamba ameliweka gari kwenye njia isiyo yake, apaze sauti mara moja.

Umeme wa uwanja mzima ukatwe kwa amri ya mtu mmoja tu, yaani msimamizi mkuu wa mbio, ambaye siku hiyo hashindani. Sababu za kukata ziwe tatu na zisizidi: gari limeingia njia ya mwingine na linaendelea kwenda, gari limeanguka sakafuni mahali ambapo mwokotaji halifikii, au njia imepoteza umeme bila kosa la dereva. Gari lililoharibika lenyewe si sababu. Mwenyewe alitoe, alitengeneze muda ukiendelea kwenda, na alirudishe njia yake ikiwa bado anaweza. Mkilegeza hapo, kila aliyetoka kwenye kona atapiga kelele umeme ukatwe.

Kuhesabu mizunguko kufanywe kwa kihisi cha taa ya infraredi kilichounganishwa na kompyuta, lakini awepo pia mtu mwenye karatasi kwa kila njia, maana kihisi hukosa gari linapopita likiwa limeinama ubavu. Kipindi kinapoisha kila gari libaki mahali lilipozimika, lihamishwe upande tu hadi njia inayofuata, na lianzie hapohapo. Gaweni uwanja katika sehemu kumi kwa alama za rangi. Dereva anapomaliza njia yake ya nne, sehemu aliyofikia huandikwa baada ya mizunguko kamili. Aliyepata mizunguko 61, 63, 62 na 60 na kuishia sehemu ya saba ana 246.7, na anamshinda mwenye 246.4 bila kuhitaji mbio za marudiano.

Ukaguzi uwe mara mbili. Kabla ya mbio vigari vyote vipimwe kisha viwekwe kwenye meza ambayo hakuna anayeigusa hadi zamu yake. Baada ya mbio vile vitatu vya kwanza vipimwe tena mbele ya watu. Gari likikosea kabla ya mbio, mwenyewe apewe dakika tano kulirekebisha. Likikosea baada ya mbio kwa kimo au uzito, akatwe asilimia 2 ya mizunguko yake, kwa sababu matairi huchakaa na chasi hupinda kwa kugongwa, nami sioni haki ya kumfuta mtu kwa jambo alilopata uwanjani. Kufutwa kabisa kubaki kwa kosa moja tu, nalo ni alama ya mota iliyovunjwa. Rufaa iandikwe ndani ya nusu saa na isikilizwe na watu watatu ambao si washindani wala jamaa wa mlalamikaji.

Kwa wageni wa Moshi, tofauti kubwa haitakuwa kwenye magari bali kwenye kuujua uwanja. Wapeni nafasi ya mazoezi asubuhi, angalau dakika kumi kwa kila njia, wakati wenyeji wakiokota. Mota zao zitoke kwenye boksi lilelile na kwa kura ileile, kwa hiyo mtahitaji kununua nyingi zaidi kulingana na idadi yao. Mkiweza kupanga msimu wa raundi nne, mbili Arusha na mbili Moshi, hesabuni raundi tatu bora za kila mtu, ili aliyekosa usafiri au aliyefiwa asipoteze msimu mzima. Upo pia mtindo ambao wengi hawaufahamu, wa mtu kutuma gari lake likaendeshwa na dereva mwingine mwenyeji. Unamfaa fundi hodari asiyeweza kusafiri, na raundi moja ya namna hiyo kwa mwaka itawafundisha mengi juu ya kuunda gari ambalo kila mkono unaliweza. Tuzo kubwa msizitafute. Wekeni moja kwa mshindi na moja kwa gari lililofanana zaidi na picha yake, likichaguliwa kwa kura za siri za washindani wenyewe.

Kanuni zote hizi zitoshe kwenye kurasa mbili, zichapishwe, na kila mshindani azitie sahihi kabla ya raundi ya kwanza. Msizibadilishe katikati ya msimu isipokuwa kwa jambo la usalama. Anayeona kifungu hakifai aandike pendekezo lake pamoja na njia ya kukipima, na lipigiwe kura baada ya raundi ya mwisho, na Moshi wakiwa na kura sawa na zenu.